NIA NA TARTIBU: NAMNA YA KUIPANGA INSHA KABLA YA KUIANDIKA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyeijaalia kalamu kuwa njia ya kumfikishia mwanadamu elimu asiyokuwa nayo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ali zake, masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, katika somo hili tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulipita mbio, nalo ni kazi inayofanywa kabla ya kuanza kuandika insha. Mwanafunzi akipewa mada, mara nyingi huvuta karatasi, akaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa, akakipigia mstari, kisha akaanza: "Mikoko ni miti muhimu sana katika maisha ya binadamu." Sentensi ya pili inafuata kwa shida, ya tatu inairudia ya kwanza, na kufika nusu ya ukurasa wino bado upo lakini maneno yamekwisha. Msahihishaji huandika pembeni kwamba hoja hazikupangwa. Mzazi akiiona alama, hudhani mwanawe hajui Kiswahili.

Lakini mtoto wa Moa hakosi Kiswahili. Amekua nacho barazani, pwani na chuoni. Anaweza kukusimulia safari ya ngalawa tangu kutweka tanga mpaka kushusha samaki, na usichoke kumsikiliza. Kinachomkosesha alama ni kuanza kuandika kabla hajajua anataka kusema nini.

Neno lenyewe "insha" limetokana na Kiarabu, na maana yake ni kuunda au kujenga. Fundi wa nyumba ya miti hakandiki udongo kabla ya kusimamisha nguzo na kufunga fito. Akikandika kabla, udongo utashikwa na nini? Basi maneno ni udongo, na mpango ndio nguzo na fito.

MFANO KUTOKA KATIKA MASOMO YETU

Wengi wenu mmesoma Safinatun-Najaa ya Sheikh Salim bin Sumeir al-Hadhrami, au mnaisoma sasa. Kitazameni tena kitabu kile kwa jicho la mtu anayejifunza kuandika. Kimegawanywa katika fasili fupi fupi. Kwa kawaida fasili ina jambo moja tu, na mara nyingi mwenye kitabu hutaja idadi kwanza, kisha akahesabu. Haingizi mambo ya saumu katika fasili ya udhu, wala haanzi fasili za swala kabla ya kumaliza habari za tohara. Ndiyo maana mtoto wa miaka kumi anaweza kukihifadhi.

Katika fasili ya furudhi za udhu tunafundishwa kuwa furudhi ni sita: ya kwanza ni nia na ya mwisho ni tartibu. Zile nne za katikati ndizo za maji: uso, mikono, kichwa na miguu. Baada ya kuzitaja, mwenye Safina amefungua fasili nyingine kueleza nia ni nini na tartibu ni nini. Zingatieni hapo. Mtu anaweza kuwa na maji mengi na viungo vyake vyote akaviosha, lakini akikosa nia au akivuruga tartibu, katika madhehebu yetu ya Shafii udhu wake hautimii.

Hatusemi kwamba insha ni ibada yenye masharti kama udhu. Huu ni mfano wa kutusaidia kufahamu. Insha nayo ina vitu vyake vya katikati, yaani maneno, methali na mifano. Lakini inasimama kwa vitu viwili vya pembeni: nia, yaani jambo moja unalotaka msomaji aondoke nalo, na tartibu, yaani mpangilio wa kumfikisha hapo.

Ili somo lisielee hewani, tuchukue mada moja tuipange pamoja mpaka mwisho:

"Jadili kauli kwamba mikoko ya pwani yetu isikatwe kabisa."

HATUA YA KWANZA: IELEWE MADA

Isome mada mara mbili na upigie mstari maneno yanayokuamrisha. Hapa neno la amri ni "jadili". Kujadili si kusifu, wala si kueleza tu. Kujadili ni kuzitazama pande mbili, kisha ukatoa uamuzi wako kwa sababu. Mada ingesema "eleza umuhimu wa mikoko", upande mmoja ungetosha. Ingesema "linganisha", ungetakiwa uviweke vitu viwili ubavu kwa ubavu.

Kisha tazama neno "kabisa". Neno hili moja ndilo lenye ugomvi wote. Watu wengi watakubali kwamba mikoko isikatwe ovyo, lakini isikatwe kabisa? Mwanafunzi asiyeliona neno hilo ataandika insha nzuri ya mada nyingine.

Jiulize pia unayemwandikia ni nani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, alipokuwa akiandika katika gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, aliwasemesha Waislamu wa pwani juu ya mambo yao wenyewe, na kwa lugha waliyoifahamu. Ukimwandikia mwalimu asiyewahi kuona mkoko, itabidi umweleze mizizi yake. Ukiwaandikia wazee wa kijiji, hilo wanalijua kuliko wewe. Kwao utataka hoja.

HATUA YA PILI: KUSANYA BILA KUCHAGUA

Chukua karatasi ya pembeni, uandike kila linalokujia kichwani kwa maneno machache. Usitengeneze sentensi, wala usifute. Kwa mada yetu tunaweza kupata haya:

1. Kamba na samaki wadogo hukulia kwenye mizizi ya mikoko.
2. Boriti na fito za kujengea.
3. Kuni.
4. Mizizi hushika udongo usichukuliwe na maji.
5. Mikoko ni hifadhi ya Serikali. Ipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.
6. Zamani majahazi ya Arabuni yalibeba boriti kutoka pwani hii, zikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini.
7. Wazee walikata miaka yote na mikoko bado ipo.
8. Mashamba ya chumvi.
9. Bahari ni nzuri na upepo wake ni mwanana.
10. Yupo mzazi anayewalisha watoto kwa kuuza kuni.
11. Hadithi ya anayepanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, naye akaandikiwa sadaka.

Ukikwama, nenda kaulize. Hapa kwetu wenye elimu ya jambo hili hawako mbali. Mvuvi atakwambia kamba wanakamatwa wapi na msimu gani. Mkata boriti atakutenganishia mkoko, mchu, mkandaa na mlilana kwa kutazama jani na gome tu. Mama anayetafuta kaa matopeni anajua pale palipofyekwa kulikuwaje kabla.

Na hapa pana adabu tunayoijua kutoka katika elimu ya hadithi: habari huulizwa imetoka kwa nani. Kando ya kila hoja andika alama. Tia "N" kwa uliloliona mwenyewe, "S" kwa ulilosikia kwa mtu anayejua, "K" kwa ulilosoma kitabuni, na "?" kwa usilo na hakika nalo. Yenye alama ya kuuliza ama uyatafutie ushahidi, ama uyaache. Katika Surat Al-Israa, aya ya 36, tumekatazwa kufuata jambo tusilo na ujuzi nalo, na kalamu haikutolewa katika katazo hilo. Kubuni takwimu ili insha ionekane ya kisomi ni uongo kama uongo mwingine wowote.

HATUA YA TATU: WEKA NIA

Sasa geuza karatasi, usiitazame orodha, ujibu swali moja kwa sentensi moja: mimi nasemaje juu ya mada hii?

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kwa mada yetu ina uzito wake, maana darasa moja lina mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkata kuni. Wa kwanza nyumbani kwao wanalia kwamba kamba wamepungua. Wa pili daftari analoandikia limenunuliwa kwa pesa ya mzigo wa kuni. Akiandika "wakata mikoko ni waharibifu, waadhibiwe", anamwandika baba yake. Akiandika "mikoko ikatwe tu", anaandika asiloliamini, maana naye anakula kamba na anaona ufuko unavyoliwa.

Mwanafunzi asiyepanga huukimbia mtihani huu kwa kuandika maneno ya jumla yasiyomgusa mtu. Mwanafunzi anayepanga hulazimika kukaa nao mpaka apate neno la kweli. Tuseme amekaa, akaandika hivi:

"Mikoko isifyekwe, kwa sababu ndiyo inayolea kitoweo chetu na kuishika ardhi yetu, lakini anayeishi kwa mti huo aonyeshwe njia nyingine ya riziki, asikatazwe tu."

Hiyo ndiyo nia ya insha. Hapendelei upande, lakini pia hajajificha katikati. Ameamua, na ametaja sababu mbili na sharti moja. Tazameni vilevile kwamba sentensi hii tayari imemgawia aya zake.

Hadithi ya kwanza katika Arbaina ya Imam Nawawi ni ile ya nia, na Imam Bukhari naye aliianzia hiyo katika Sahihi yake. Maulamaa waliitanguliza ili msomaji ajikague kabla hajaenda mbali. Nawe jikague hapa, kabla hujaenda ukurasa wa pili.

HATUA YA NNE: CHAGUA, KISHA PANGA

Rudi kwenye orodha. Kila hoja iulize: wewe unaitumikia nia yangu? Hoja ya 9, ya upepo mwanana, haitumikii; ifute, hata kama una maneno matamu ya kuisemea. Ya 6, ya majahazi, ni habari nzuri, lakini peke yake haithibitishi kitu. Iunganishe na ya 7. Ya 2, ya 3 na ya 10 ni jambo moja, nalo ni riziki ya watu; zifunge pamoja.

Kufuta kunauma, lakini mkia wa kishada ukizidi urefu, kishada hakipai.

Baada ya kuchagua, panga. Tartibu za insha ni nyingi, na mada ndiyo inayokuchagulia. Masimulizi hupangwa kwa wakati: la kwanza kutokea hutangulia. Maelezo ya mahali hupangwa kwa mwendo wa jicho, kwa mfano kutoka bandarini kuelekea mashambani. Insha ya chanzo cha tatizo hupangwa kwa sababu na matokeo. Mjadala hufaa uanze na hoja nyepesi na umalizie na nzito, kwa kuwa la mwisho ndilo linalobaki kichwani mwa msomaji. Mpango wetu utakuwa hivi:

Aya ya 1: Utangulizi. Mada na msimamo.
Aya ya 2: Mikoko inashika ardhi (hoja ya 4).
Aya ya 3: Mikoko inalea kitoweo (hoja ya 1).
Aya ya 4: Upande wa pili: wazee walikata na bado ipo (hoja za 6, 7 na 8), na jibu lake.
Aya ya 5: Riziki ya anayekata (hoja za 2, 3 na 10), sheria na njia nyingine (hoja ya 5).
Aya ya 6: Hitimisho (hoja ya 11).

Sasa jaribu kuibadilisha tartibu. Ukiiweka aya ya 5 kabla ya ya 3, msomaji atamhurumia mkataji kabla hajajua kinachopotea, na ukija kumwambia baadaye ataona unajipinga. Hapo ndipo utaiona faida ya karatasi ya pembeni: kubadilisha mstari mmoja ni kazi ya mshale, lakini kubadilisha ukurasa ulioandikwa ni kazi ya kuanza upya.

HATUA YA TANO: IKUZE KILA HOJA

Mpango wa mistari sita bado ni mifupa. Chini ya kila aya andika maneno machache kujibu maswali matatu: Nadai nini? Kwa nini ni kweli? Mfano wake ni upi? Tuichukue aya ya 4, ambayo ni ngumu.

Dai la upande wa pili: wazee walikata, majahazi yakajaa, na mikoko ipo.
Jibu: ukataji wa aina mbili haufanani.
Kwa nini: mchu ukikatwa huweza kuchipua tena kwenye kisiki. Mkoko wenye mizizi ya kupinda kama magoti, ukikatwa shina, kwa kawaida hauchipui. Unategemea miche, ambayo huanza kukua ikiwa bado juu ya mti mama, kisha ikaanguka topeni.
Mfano: anayechagua boriti moja moja huacha miti mama, anayefyeka eneo zima kutengeneza shamba la chumvi haachi mama wala mche.

Maelezo hayo yakishapangwa, aya inaandikika karibu yenyewe:

"Wapo wanaosema kwamba wazee wetu walikata boriti miaka mingi, majahazi yakazibeba kwa korija mpaka Arabuni, na mikoko bado tunaiona. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Aliyechagua boriti moja na kuacha miti iliyoizunguka aliacha mbegu nyuma yake, kwa kuwa mche wa mkoko hukulia juu ya mti mama kabla ya kuanguka topeni. Anayefyeka eneo zima huuondoa mti na mche wake pamoja, na mkoko uliokatwa shina kwa kawaida hauchipui kama mchu. Basi tusiulize tu kama wazee walikata. Tuulize walikata vipi, na waliacha nini."

Tazameni kwamba aya hii haikumtukana mtu. Imempa mpinzani haki yake kwanza, ndipo ikamjibu. Huo ni uadilifu, na katika mjadala ni nguvu pia, kwani msomaji humwamini zaidi mtu aliyemsikiliza mwenzake. Aya isiyopangwa ingesema "hoja hiyo haina ukweli wowote", kisha ikakosa la kuongeza.

Mkitaka kutumia hadithi au aya, iwekeni pale inapofanya kazi. Hadithi ya 32 katika Arbaina, inayokataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, ingefaa katika aya ya 5, kwa sababu inabeba pande zote mbili: anayefyeka asimdhuru mvuvi, na anayekataza asimdhuru mwenye njaa. Ikipachikwa katika utangulizi kama pambo, itapita bila kusikika.

HATUA YA SITA: MLANGO WA KUINGILIA NA WA KUTOKEA

Utangulizi na hitimisho ni vyema vipangwe mwisho, ukishajua nyumba ina vyumba vingapi. Utangulizi usianze na Adam. Sentensi tatu au nne zinatosha: jambo ni lipi, ubishi uko wapi, na wewe unasimama wapi. Hitimisho lisirudie hoja zote kama anayesoma orodha ya mahudhurio. Lifunge lile la nia, kisha limwachie msomaji jambo la kufanya. Kwa insha yetu, hadithi ya kupanda mti inakaa hapo vizuri: tusiishie kukataza kukata, tupande.

"MAALIM, MTIHANI HAUNGOJI"

Wengine watasema: Maalim, haya yote kwa saa ngapi? Ukishazoea, yanachukua dakika chache. Ukiwa na dakika 40, tumia 8 au 10 kupanga, 25 kuandika na zilizobaki kusoma ulichoandika. Dakika za kupanga hazipotei, kwa kuwa asiyepanga huzilipa katikati ya insha, akitafuna kalamu na kutazama dari. Jirani zetu wa Vanga, upande wa Kenya, katika mtihani wao wa kidato cha nne wana karatasi nzima ya insha ya Kiswahili: insha mbili, kila moja alama 20. Huko anayeanza bila mpango hupotea mara mbili.

Lakini msidhani kwamba kupanga ni kwa ajili ya mtihani tu. Marehemu Shaaban Robert (1909–1962), mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alikuwa karani wa serikali, na mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake kiitwacho Kielezo cha Insha. Aliiona insha kuwa fani inayostahili kufundishwa, naye hakuwa akiwatafutia watu alama. Kesho ninyi ndio mtakaoandika barua ya kijiji kwenda wilayani Mkinga kuomba kisima au zahanati, muhtasari wa mkutano, khutba ya Ijumaa, maombi ya kazi. Barua isiyo na nia huwekwa chini ya nyingine. Watu wasioweza kupanga maneno yao husemewa na wengine, na anayekusemea husema linalomfaa yeye.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu wapenzi, msaada wenu hauhitaji muwe wasomi. Mtoto akileta mada nyumbani, msimwandikie. Mwulizeni: "Unataka kusema nini? Niambie kwa neno moja." Akishindwa, hajawa tayari kuandika, zungumzeni naye. Mruhusuni awaulize wazee barazani, na mkimjibu, mjibuni kwa kweli, hata kama jambo linaihusu kazi yenu wenyewe. Insha yake itakuwa na uzito kwa sababu nyumbani kwake hakufichwa.

MAZOEZI

1. Chukua mada "Simu ya mkononi ina faida kuliko hasara kwa mwanafunzi." Andika hoja kumi bila kuchagua, na utie alama za N, S, K au ? kando ya kila moja.
2. Andika nia yako kwa sentensi moja. Msomee mwenzako. Akikuuliza "una maana gani?", iandike upya.
3. Futa hoja tatu zisizoitumikia nia yako, na ueleze kwa nini umezifuta.
4. Panga zilizobaki katika aya sita. Lazima aya moja imjibu mtu asiyekubaliana nawe.
5. Fungua Safina, chagua fasili tatu zinazofuatana, na ueleze kwa nini ya kwanza imetangulia.

Atakayekamilisha mazoezi haya amletee ustadh wake karatasi ya mpango kwanza. Insha yenyewe tutaisoma baadaye.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa, azitakase nia zetu na azinyooshe ndimi na kalamu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.